Dondoo la mmea limeua bakteria na kansa maabara, haya tuulizane vizuri

Ile habari mnaijua, mmea fulani umethibitishwa kuua seli za kansa na bakteria sugu, basi watu wanaanza kuchemsha majani na kufowadiana. Maswali yanayokuja baada ya hapo ni yaleyale, so nimeyaweka pamoja. Niliwahi kusaidia vipimo hivi maabara kwa muda, mengine hapa nayasema kwa kuyaona kwa macho.

Swali: Wanajuaje kama mmea unaua bakteria?

Mmea unakaushwa, unasagwa, unalowekwa kwenye ethanoli au methanoli (wengine wanatumia maji), unachujwa afu kile kimiminika kinakaushwa mpaka kinabaki kitu kizito cheusi kinachonata kama lami, na kunuka kwake usiniulize. Hilo ndo dondoo. Bakteria wanapakwa juu ya sahani yenye agari, ambayo ni kama jeli iliyoganda, kisha unaweka kikaratasi cha duara cha milimita 6 chenye dondoo, sahani inalala kwenye inkubeta kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Asubuhi unakuta bakteria wameota sahani nzima kama utando, ila pale kuzunguka kikaratasi pako safi kabisa. Unachukua rula unapima hilo duara.

Swali: Kwa hiyo duara kubwa ndo dawa kali?

Siyo lazima, na hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Duara linategemea pia kitu kinasambaa vipi kwenye agari, kama kina asili ya mafuta kitabaki palepale kwenye kikaratasi na duara litakuwa dogo hata kama kina nguvu, na kinachosambaa haraka kitakupa duara la kujidai bure. Kuna siku nilishangilia duara la milimita 11, msimamizi wangu hata hakuniangalia, akasema tu kaangalie kontroli. Kontroli ni kikaratasi chenye ethanoli tupu bila mmea. Nacho kilikuwa na duara karibu lilelile, sikukiacha kikauke, kumbe asubuhi nzima nilikuwa nashangilia pombe.

Ndo maana kipimo cha maana zaidi ni kile cha visima. Kuna kisahani kina vishimo 96, kishimo cha kwanza unaweka dondoo jingi, kinachofuata nusu yake, kinachofuata nusu ya hiyo, unashuka hivyohivyo na kila kishimo kina bakteria idadi sawa. Kesho yake unatafuta kishimo chenye dondoo kidogo kuliko vyote ambacho bakteria hawakuota, kiasi hicho ndo kinaitwa MIC. Wengine wanatia rangi ya resazurini, ya bluu, bakteria wakiwa hai inageuka pinki, hata mtoto anaweza kusoma majibu.

Watafiti wengi wanaanza kuchangamka dondoo ghafi likifika chini ya maikrogramu 100 kwa mililita. Sasa linganisha, siprofloksasini, antibayotiki ya hospitali, kwa bakteria wa E. koli wa maabara ambaye hana usugu inamzuia kwa chini ya maikrogramu 0.02 kwa mililita. Ukisoma mahali mmea "unazuia bakteria" kwa miligramu 5 kwa mililita, hiyo ni maikrogramu 5,000, jamani, kwa kiasi hicho vitu vingi tu vinazuia bakteria.

Jambo jingine, kutoota siyo kufa. Ili kujua wamekufa unachota kwenye vile vishimo visafi unapanda upya kwenye agari bila dawa, wakiota tena walikuwa wamezimia tu.

Swali: Mbona bakteria wengine mimea haiwagusi kabisa?

Wale wa gramu hasi (ni jina la kundi la bakteria, siyo uzito) kama E. koli wana ngozi ya ziada kwa nje, afu wana pampu za kutapika kile kilichofanikiwa kuingia. Bakteria aitwaye stafilokoka hana hiyo ngozi ya nje, ndo maana anaonekana mnyonge kwenye tafiti nyingi za mimea.

Swali: Na kansa wanaipima vipi, wanampa mgonjwa?

Hapana, mgonjwa yuko mbali sana hapo. Wanatumia seli za kansa zinazokuzwa kwenye chupa, maarufu kuliko zote ni HeLa, zilitolewa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa shingo ya kizazi wa Henrietta Lacks huko Baltimore, bila yeye kuombwa ruhusa, na mpaka leo zinagawanyika. Zinamwagiwa dondoo siku moja mpaka tatu kisha zinawekewa MTT, kitu cha njano ambacho seli hai zinakigeuza zambarau. Zambarau nzito maana yake seli ziko hai, ikififia zimepungua. Kiasi kinachopunguza uhai wa seli kwa nusu kinaitwa IC50.

Mtego wake ni huu, mimea mingi ina vitu vinavyoweza kuigeuza MTT zambarau venyewe, bila seli yoyote humo ndani. Mashine inasoma "seli ziko hai" kumbe ni rangi ya mmea inaongea. Ripoti isiyo na kishimo cha dondoo peke yake bila seli mimi naisoma nikiwa nimenuna.

Halafu swali kubwa kuliko yote, na seli za kawaida je? Chumvi ukiizidisha inaua seli za kansa, na blichi pia, kuua kwenye sahani siyo kazi, kazi ni kuua hizi na kuziacha zile. Kwa hiyo wanapima na seli zisizo za kansa, wanagawanya IC50 ya hizo kwa ile ya kansa. Jibu likiwa 1 ni sumu ya kawaida tu inayoua kila inachokuta.

Swali: Lakini kuna dawa za kansa zimetoka kwenye mimea, au siyo?

Tena nyingi, na hadithi zake tamu. Wakanada Robert Noble na Charles Beer miaka ya 1950 walikuwa wanatafuta dawa ya kisukari kwenye Catharanthus roseus, lile ua la pinki la Madagaska. Panya waliodungwa dondoo sukari haikushuka, ila chembe nyeupe za damu ziliporomoka na wakafa kwa maambukizi. Wengine wangetupa. Wao wakajiuliza, kama inashusha chembe nyeupe, vipi kwa mtu mwenye kansa ya damu? Huko ndo ilitoka vinblastini, na baadaye vinkristini kutoka ua hilohilo, inayotibu watoto wenye kansa ya damu mpaka leo. Lakini dozi moja ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, ni kwenye mshipa tu, ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo inaua. Sasa wewe unayechemsha hilo ua kwenye sufuria, utajuaje umekunywa miligramu ngapi?

Paklitakseli nayo, dawa nyingine ya kansa, magome ya mti wake yalichukuliwa 1962, muundo wake ukajulikana 1971, ruhusa ya kuitumia Marekani ikatoka 1992. Miaka 30.

Swali: Kitu cha asili hakina madhara lakini?

Mmea wa Aristolochia nao ni wa asili. Asidi yake inaharibu figo na inaleta kansa ya njia ya mkojo.

Swali: Niko kwenye kemo (dawa za kuua kansa), naweza kunywa mitishamba pembeni?

Usianze kabla hujamwambia daktari wako, na umtajie jina la mmea. Mfano, irinotekani ni dawa ya kemo iliyotengenezwa kutokana na kitu cha mti wa China. Utafiti mdogo wa mwaka 2002 uliwapa wagonjwa irinotekani pamoja na mmea uitwao Hypericum perforatum, ambao watu wanautumia kwa huzuni, na ile sehemu ya dawa inayofanya kazi ikapungua kwenye damu kwa asilimia 42, maana mmea unalichochea ini kuisafisha dawa haraka. Na mgonjwa hasikii chochote kikitokea, dripu anaiona inaisha kama kawaida.