Kabla ya kuuza krediti za bioanuai, kijiji kiwe na daftari lake

Kwenye mikutano ya vijiji huku Uvinza, mkoani Kigoma, krediti za bioanuai (yaani za uhai wa mimea na wanyama wa mahali) zikitajwa swali ni lilelile: huyo mnunuzi wa krediti ananunua nini, kama mti haukatwi na sokwe anabaki msituni? Wazee wanaouliza hivyo wana haki ya kujibiwa vizuri.

Anachonunua ni ushahidi kwamba uhai wa mahali fulani umelindwa au umeongezeka kwa muda fulani. Vipimo vinatofautiana. Kule Kolombia, kampuni ya Terrasos inauza mita za mraba 10 za msitu zitakazotunzwa kwa miaka 30. Wengine wanahesabu kila asilimia 1 ya ongezeko la uhai huo kwa hekta. Krediti za kaboni zina nafuu, maana tani ya hewa ukaa ni tani popote. Uhai wa Masito, msitu wetu wa huku, huwezi kuulinganisha na wa Amazoni, na hiyo ni sababu mojawapo ya soko hili kuwa bado changa. Makubaliano ya Kunming-Montreal ya Desemba 2022, ambayo ni ya kimataifa kuhusu kulinda bioanuai, yamezitaja krediti hizi miongoni mwa njia za kupata dola bilioni 200 kwa mwaka za kazi hiyo ifikapo 2030, lakini kampuni nyingi bado hununua kwa hiari. Kwa hiyo mwenye msitu asiache mizinga yake ya nyuki akisubiri mamilioni.

Aanze na kumbukumbu. Bila kujua hali ya mwanzo, hakuna badiliko la kuuza.

Chukua sokwe. Kumhesabu kwa macho ni kazi ngumu, anakimbia kabla hujamwona, kwa hiyo tunahesabu viota. Kila jioni sokwe mkubwa hukunja matawi na kujitengenezea kitanda juu ya mti. Mtoto anayenyonya hulala na mama yake. Walinzi wa msitu wa kijiji wanapita kwenye mstari ulionyooka. Wakiona kiota wanaandika umbali wake kutoka kwenye mstari, aina ya mti, na hali ya majani: bado mabichi, yamekauka, au yamepukutika yakabaki matawi matupu. Kiota cha masika na cha kiangazi havidumu sawa, hivyo viota vilevile kumi si lazima viwe na maana ya sokwe walewale wangapi. Ndiyo maana siamini mradi unaopima mara moja wakati wa kiangazi, barabara zikiwa nzuri, kisha ukatangaza idadi.

Daftari hilo, pamoja na picha za kamera zinazofungwa kwenye miti, libaki mali ya kijiji. Hili nalisisitiza kuliko bei. Anayeshika takwimu ndiye anayeamua nani auziwe.

Upande wa haki tuna msingi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Hakikisheni mipaka, mpango wa usimamizi na sheria ndogo vimekamilika kabla ya kuongea na dalali yeyote.

Mkataba nao useme nani anabeba hasara moto ukipita, gharama za upimaji zinakatwa wapi, na kama kuni, uyoga na asali vitaendelea kuchukuliwa. Mnunuzi anayetaka krediti za Masito zifidie msitu anaoufyeka kwingine, mimi ningemkataa. Sokwe wa hapa hawarudishi kilichofyekwa kule. Na mkataba usomwe wote kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, akina mama wakiwepo, kabla mwenyekiti hajashika kalamu.