Je, wajua kwa nini majibu ya vipimo vya magonjwa ya zinaa hayamalizi hofu?

Watu wengi waliopimwa magonjwa ya zinaa na kuambiwa hawana maambukizi hushusha pumzi siku hiyo, kisha baada ya muda mfupi shaka huwarudia: huenda sampuli zilichanganywa, huenda kipimo kilikuwa hafifu, huenda virusi vimejificha. Shaka hiyo haifai kubezwa, kwa sababu ziko shaka zenye msingi wa kitaalamu na ziko zisizo na msingi wowote. Ugumu ni kwamba zote humuumiza mtu kwa namna ileile, naye hushindwa kuzitenganisha.

Shaka yenye msingi inahusu muda. Baada ya maambukizi kuingia mwilini hupita siku kadhaa ambazo kipimo hakiwezi kuyaona, na siku hizo ndizo huitwa kipindi cha dirisha. Urefu wake hutegemea kile ambacho kipimo kinakitafuta. Kwa virusi vya UKIMWI, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe huweza kuviona kati ya siku ya 10 na ya 33 tangu mtu aambukizwe. Kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, pamoja na antijeni ya p24, ambayo ni sehemu ya virusi vyenyewe, kwa kutumia damu ya mshipa, kati ya siku ya 18 na ya 45. Na vipimo vinavyotafuta kingamwili peke yake, vikiwamo vingi vya haraka vya damu ya kidoleni, kati ya siku ya 23 na ya 90. Katika kila kipimo, siku inayotajwa kwanza ni ya wale ambao miili yao huwahi kuonyesha alama, na ya mwisho ndiyo inayowakusanya karibu wote. Kwa hiyo aliyepimwa kwa kipimo cha kingamwili wiki moja baada ya tukio ana haki kabisa ya kutotosheka, ilhali aliyepimwa baada ya siku 90, bila kukutana na hatari nyingine katikati, amepata jibu la mwisho kuhusu tukio hilo. Ushauri wa kusubiri miezi 6, ambao bado unasambazwa na kuwatesa watu, ulitokana na vipimo vya zamani vilivyochelewa kuona maambukizi. Anayetumia dawa za kuzuia maambukizi, yaani PEP au PrEP, hupangiwa ratiba yake ya kupimwa, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuchelewesha alama kuonekana.

Magonjwa mengine yana hesabu zake. Klamidia na kisonono kwa kawaida hupimwa kwa uhakika kuanzia wiki 2 baada ya tukio. Kidonda cha kaswende huweza kutokea wakati wowote kati ya siku ya 10 na ya 90, na ndiyo maana kipimo cha damu kilichofanywa mapema hurudiwa inapotimia miezi 3.

Shaka ya pili inahusu usahihi wa kipimo, na hapa ndipo wengi hupotoka, hata wasomi. Mtu husikia kwamba kipimo kina usahihi wa asilimia 99, akaamini kuwa majibu yake yana uwezekano wa asilimia 1 wa kuwa si kweli. Hesabu haiendi hivyo. Tuchukue watu 10,000 ambao 10 kati yao wameambukizwa, wote wamevuka kipindi cha dirisha, na kipimo kinachowatambua asilimia 99 ya walioambukizwa na asilimia 99 ya wasioambukizwa. Kati ya wale 10, kwa wastani kipimo hakitashindwa kumtambua hata mmoja kamili. Lakini kati ya watu 9,990 wasio na maambukizi, karibu 100 wataonyeshwa kimakosa kuwa wanayo. Maana yake ni kwamba mahali ambapo maambukizi ni machache, jibu hasi lililopatikana kwa wakati wake huaminika sana, na jibu chanya la kwanza ndilo linalohitaji kuthibitishwa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu asitangaziwe kuwa ana virusi vya UKIMWI mpaka vipimo 3 vinavyofuatana vikubaliane. Mwenye hofu hulishuku jibu hasi usiku na mchana, wakati hilo ndilo jibu lililo imara zaidi.

Kinachochochea shaka mara nyingi ni mwili. Wasiwasi wenyewe huleta kukojoa mara kwa mara, jasho, ganzi, koo kukauka na kukosa usingizi, na mtu anayejikagua sehemu za siri kutwa mara kadhaa huishia kuzichubua na kuuona wekundu alioutengeneza mwenyewe. Kwa upande mwingine, maambukizi mengi ya zinaa hayana dalili zozote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 yalitokea maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, na mengi ya namna hiyo hupita bila mwenyewe kujua. Mwili basi ni shahidi dhaifu kwa pande zote mbili: ukimya wake hauthibitishi usalama, na kelele zake hazitangui kipimo. Dalili mpya iliyo wazi, kama kidonda, usaha au maumivu yasiyoisha, ni ya kumwonyesha mhudumu wa afya, si ya kuifanyia uchunguzi peke yako usiku kucha.

Ninaamini pia kwamba aibu ina nguvu kubwa hapa kuliko inavyokubaliwa. Hofu ya mtu mara nyingi hulingana na majuto yake, wala si na hatari aliyokutana nayo, hata mwingine akateseka kwa miezi kwa sababu ya kukumbatiana, jambo lisiloambukiza virusi vya UKIMWI kabisa. Hofu ya namna hiyo haitulizwi na kipimo cha tano, kwa kuwa kila kipimo huleta nafuu fupi, na ile nafuu humfundisha mtu kutafuta kingine shaka inaporudi.

Linalosaidia ni kumuuliza mhudumu mambo mahususi: nimepimwa magonjwa gani, kwa kipimo cha aina gani, sampuli imetoka wapi, na siku zilizopita zinatosha? Mkojo hauonyeshi kisonono cha kooni, na vipimo vya kawaida mara nyingi havijumuishi hepesi. Aliyetibiwa klamidia akipimwa kabla ya wiki 4 anaweza kuonekana bado anayo kwa sababu ya mabaki ya bakteria waliokwisha kufa. Maswali hayo yakijibiwa vizuri na shaka ikaendelea, msaada sahihi ni wa mtaalamu wa saikolojia, ambaye humwongoza mtu kupunguza hatua kwa hatua kujikagua, kuulizauliza na kurudia vipimo, mpaka ajifunze kuiacha shaka ipite bila kuikimbilia maabara.