"Umenikwaza": dhana potofu kuhusu kuachia haki kwa ajili ya upendo

Dhana: Kumkwaza mtu ni kumuudhi.

Makanisani kwetu neno hili ni la kila siku. Binti kavaa suruali, mzee amekwazika. Kwaya imebadilisha mapigo, mama fulani amekwazika. Mwishowe anayenuna haraka ndiye anayewapangia wengine wote.

Paulo alipowaandikia Wakorintho kutoka Efeso, katikati ya miaka ya 50, jambo lilikuwa zito kuliko hilo. Nyama iliyotolewa dhabihu kwa sanamu iliuzwa sokoni, na mahekalu yalikuwa na vyumba vya kulia. Wanaakiolojia wamevifukua katika hekalu la Asklepio, mungu wa uponyaji. Sasa fikiria mtu aliyeabudu sanamu tangu utotoni, ameokoka juzi tu. Anapita hapo, anamwona ndugu anayemheshimu ameketi chakulani mle ndani. Haudhiki hata kidogo. Anavutika. Naye anaingia, anakula huku moyo ukimsuta, na taratibu anarudi kule alikotoka. Huyo ndiye aliyekwazwa, kwa maana ile ile ya mtu aliyejikwaa njiani akaanguka. Kwa ajili yake Paulo alikuwa radhi asile nyama milele (1 Wakorintho 8:13).

Dhana: Ukiiachia haki, basi hukuwa nayo.

Soma sura ya 9. Paulo anaitetea kwanza haki yake ya kutunzwa na kanisa: askari hajigharimii vita, mchunga kundi hunywa maziwa yake, ng'ombe apurapo nafaka hafungwi kinywa. Akishamaliza, ndipo anasema hakuitumia. Alishona mahema, akala jasho lake.

Dhana: Upendo humtaka anayedhulumiwa anyamaze.

Hii ndiyo inayoniuma. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo, matanga hayajapoa, mjane kainamisha kichwa akisokota pindo la kanga yake. Ndugu mmoja wa marehemu akamwambia kwa upole kabisa: "Shemeji, wewe umeokoka. Si imeandikwa ni afadhali kudhulumiwa?" Shamba likaondoka hivyo.

Ni kweli imeandikwa, 1 Wakorintho 6:7. Lakini mstari wa 8 unawageukia wadhulumu wenyewe: mnadhulumu na kunyang'anya, tena ndugu zenu! Hakuna aliyeusoma siku ile. Nami nilikuwa naujua, nikakaa kimya.

Paulo aliachia haki iliyokuwa yake, mkononi mwake, kwa faida ya aliye dhaifu kuliko yeye. Hakumwendea aliye dhaifu akamwambia, achia ya kwako. Wala hakunyamaza kila mara. Kule Filipi yeye na Sila walipigwa viboko hadharani bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi. Kesho yake mahakimu wakataka waondoke kimyakimya. Paulo akakataa: waje wenyewe watutoe. Wakaja, wakawasihi (Matendo 16:37–39).

Mwenye kupimwa na sura ya 8 katika kikao kile alikuwa yule ndugu wa marehemu, mwenye ukoo mzima nyuma yake. Na Yesu alipotaka kuwafundisha watu kusali bila kukata tamaa, aliwapa mfano wa mjane aliyekuwa akimwendea kadhi na kumrudia: "Nipatie haki na adui wangu" (Luka 18:3).