Slaidi za zamani zigeuzwe mwenyewe akiwepo

Hapa Moshi, maarifa ya watu wengi waliofundisha miaka ya 2000 yamo kwenye slaidi. Nasema mabwana shamba wa kahawa, wakufunzi wa vyuo, waliofundisha waongoza watalii, viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Wengi wao sasa wanastaafu, na flashi zao zinanifikia zimejaa mafaili ya .ppt, fomati ya zamani ya PowerPoint. Kazi yangu ni kuyageuza yawe ODP, ambayo ni fomati ya wazi ya mawasilisho, ili yaje yafunguke hata baada ya miaka mingi. Ninaloulizwa sana ni programu gani itumike. Hilo dogo, nitalijibu. Kubwa zaidi ni nani amekaa pembeni yako unapokagua kazi, maana kompyuta haiwezi kukuambia slaidi ilikuwa inasema nini kabla haijageuzwa.

Kwanza sababu. Faili la .ppt tunalokutana nalo sana lilikuja na PowerPoint 97. Ukilifungua kwa programu ya maandishi ya kawaida unaona zaidi alama zisizosomeka, na kwa muda mrefu maelezo ya jinsi lilivyopangwa hayakuwa mikononi mwa kila mtu. Microsoft iliyaweka wazi mwaka 2008. Wakati huo PPTX, fomati mpya ya PowerPoint, ilikuwa tayari imetoka na Office 2007, na mwaka huohuo wa 2008 ikapata namba ya ISO, shirika la kimataifa la viwango: 29500. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba PPTX imefungwa. Tatizo langu nayo ni kwamba toleo ambalo PowerPoint huhifadhi bila kuulizwa ni lile la mpito, lililobeba mazoea mengi ya mafaili ya zamani ili yasivunjike. Ukitaka kuandika programu ya kulisoma faili kama hilo lote kwa usahihi, utahangaika.

ODP ni ndugu wa ODT ya maandishi na ODS ya majedwali, wote watoto wa ODF, kiwango cha wazi cha nyaraka kilichopitishwa na OASIS, jumuiya ya kutunga viwango, Mei 2005 na kisha na ISO mwaka 2006 kwa namba 26300. Kilitokana na fomati iliyotumiwa na OpenOffice.org, programu huria ya ofisi, na hapo Tanzania haikuwa mbali: mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kwenye menyu zake. Serikali ya Uingereza ilichagua ODF mwaka 2014 kwa nyaraka zake ambazo watu watahitaji kuzihariri. Si kitu cha pembeni.

Uzuri wa ODP utauona ukilivua koti. Chukua nakala, ondoa .odp mwishoni mwa jina, weka .zip, kisha lifungue. Ndani utakuta content.xml yenye maneno yako yote, yanasomeka kwa macho, styles.xml yenye rangi na mipangilio. Faili dogo liitwalo mimetype linalotaja faili hili ni la aina gani. Na folda ya Pictures. Hiyo folda ya picha imenifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Watu wamepoteza kamera, simu na laptopu walizohifadhia picha, halafu nakala pekee iliyobaki inakuwa ile iliyobandikwa kwenye slaidi. Ukishageuza, unaichota kwenye folda moja kwa moja. Mara nyingi hata picha iliyokatwa pembeni kwenye slaidi bado imo nzima ndani ya faili.

Kugeuza kwenyewe ni kazi ya dakika. Unafungua .ppt kwa Impress, sehemu ya mawasilisho ya LibreOffice ambayo ni programu huria ya ofisi, unahifadhi kwa jina jipya, unachagua ODP. Yakiwa mafaili mengi, na unatumia Linux kama mimi, funga kwanza LibreOffice, fungua dirisha la amri (terminal), ingia kwenye folda husika na uandike:

soffice --headless --convert-to odp --outdir zilizogeuzwa *.ppt

Mafaili ya awali hayaguswi. Mapya yanaingia kwenye folda ya zilizogeuzwa. Ukifika hapa usishangilie bado.

Kinachoharibika kwanza ni fonti. Slaidi iliyoandikwa kwa Calibri, kwenye kompyuta isiyo na Calibri, itaonyeshwa kwa Carlito, na Cambria itaonyeshwa kwa Caladea. Hizo mbili zimechongwa makusudi ziwe na upana uleule wa herufi, kwa hiyo mistari inakaa mahali pake. Ila mtu aliyependa fonti ya mapambo atakuta maneno yamezidi kisanduku au yameshuka hadi juu ya picha. Kama fonti unayo kihalali na leseni yake inaruhusu, iweke ndani ya faili lenyewe. Impress ina nafasi ya kufanya hivyo kwenye sifa za faili. Kama huna, chagua fonti huria na upange upya kwa mkono.

Video ni maumivu zaidi. Mpaka PowerPoint 2007, video haikuwekwa ndani ya wasilisho. Kilichowekwa ni anwani tu ya mahali ilipo kwenye kompyuta ya siku ile. PowerPoint 2010 ndiyo iliyoanza kuibeba ndani. Kwa hiyo slaidi ya zamani yenye video mara nyingi imebeba njia ya kuelekea kwenye diski ambayo huenda iliuzwa na kompyuta yake. Hakuna kigeuzi kitakachokurudishia. Njia pekee ni kumuuliza mwenyewe, naye anaweza kukumbuka kwamba ile folda ilichomwa pia kwenye CD iliyoko nyumbani.

Walimu wa hesabu na fizikia wana lao. Milinganyo mingi ya zamani iliandikwa kwa Equation Editor 3.0, ambayo Microsoft iliiondoa kwenye Office Januari 2018 kwa sababu za kiusalama. Tangu hapo unaweza kuuona mlinganyo kwenye slaidi lakini huwezi kuuhariri kwa kifaa kilichoutengeneza. LibreOffice ina mpangilio wa kuigeuza iwe milinganyo yake inapofungua faili. Uwashe kabla hujaanza, kisha linganisha alama moja moja. Alama ya kutoa iliyopotea kwenye mlinganyo haionekani kama kosa, inaonekana kama mlinganyo mwingine.

Sasa nirudi kwa mwenye faili. Bwana shamba mmoja mstaafu aliniletea slaidi zake za magonjwa ya kahawa. Niligeuza, nikatoa na PDF ya kuangalia haraka, tukakaa naye. Tulipofika kwenye chulebuni akanisimamisha.

"Mwanangu, hapa pana picha tatu."

"Naona moja tu, mzee."

"Tatu. Punje inaanza na doa dogo, doa linadidimia, mwisho punje yote inakuwa nyeusi. Nilikuwa nabonyeza zinakuja moja moja, wakulima wanahesabu."

Alikuwa sahihi. Alizipanga picha tatu moja juu ya nyingine, kila moja ikitokea kwa kubonyeza. PDF huonyesha ukurasa mmoja uliotulia, ikaonyesha ya juu tu na kuzifunika mbili za chini. Kwenye ODP zote tatu zilikuwamo, pamoja na mpangilio wa kutokea. Lakini mtu ambaye angetunza PDF peke yake, kwa nia njema kabisa, angebaki na punje nyeusi isiyo na mwanzo, na mkulima anahitaji kuutambua ugonjwa pale mwanzoni. Tulizigawa ziwe slaidi tatu zinazofuatana ili hata zikichapishwa kwenye karatasi somo libaki.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ukaguzi ufanyike mwenye slaidi akiwepo, akizipitia kama anavyofundisha, sauti na yote. Macho yangu yanaona kisanduku kilichohama. Yeye anaona hoja iliyokosekana.

Kuna pia maelezo ya mtoa mada, yale yanayoandikwa chini ya slaidi na washiriki hawayaoni. Huko ndiko mara nyingi kulikojaa uzoefu: shamba lipi, msimu gani, mkulima aliuliza nini. Yanavuka salama kwenda ODP. Kwenye PDF ya kawaida hayatoki, mpaka uombe kurasa za maelezo wakati wa kutoa. Mwenyewe akiwa pembeni, mimi humuuliza kila picha ilipigwa wapi na lini, nikayaandika humo humo.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hawaligusi ni lugha ya maandishi. Slaidi nyingi za Kiswahili zimewekewa alama ya Kiingereza cha Marekani, kwa kuwa ndivyo kompyuta ilivyokuja, na kila neno limepigwa mstari mwekundu. Chagua maandishi yote, weka Kiswahili cha Tanzania. Ndani ya faili itaandikwa "sw" na "TZ", na programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona itajua inasoma lugha gani. Mstari mwekundu nao utabaki kwa makosa ya kweli.

Mwisho wa kazi natunza vitu vitatu kwa kila wasilisho: faili la awali bila kuligusa, ODP iliyokaguliwa, na PDF/A, yaani PDF ya kutunzwa muda mrefu, kwa wa kusoma tu. Jina la faili lina mada, mahali na mwaka, bila yale maneno ya "mpya kabisa 2" tunayoyapenda. Nakala zinakaa kwenye diski mbili, na mbili hizo hazilali nyumba moja.

Yapo mafaili ambayo mwenyewe amefariki au hapatikani. Hayo pia nayageuza, kwa tahadhari zaidi: sigawi slaidi, sibadilishi fonti, sihamishi kisanduku. Kwenye sifa za faili, sehemu ya maoni, naandika tarehe ya kugeuza, toleo la LibreOffice nililotumia, na maneno "haijakaguliwa na mwenyewe". Maoni hayo yanakaa ndani ya meta.xml na yanasafiri na faili popote linapokwenda, ili atakayelifungua ajue alinganishe na la awali kabla hajafundishia.