Mshauri Msaidizi wa Fedha: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mshauri msaidizi wa fedha, katika kampuni za usimamizi wa mali, ni karani aliyepewa cheo kizuri: anajaza fomu, anapanga miadi na kuandika kumbukumbu za vikao. Kazi hizo anazifanya kweli, na asiyezivumilia hatadumu. Hata hivyo, mpango ambao mshauri mkuu humweleza mteja kwa nusu saa mara nyingi umeandaliwa na msaidizi kwa siku kadhaa. Ndiye anayekusanya taarifa za akaunti, madeni, bima na pensheni; ndiye anayegundua kwamba mnufaika aliyeandikwa kwenye bima bado ni mke aliyekwisha kutalikiwa; na ndiye anayekokotoa iwapo akiba itatosha endapo mteja atastaafu akiwa na miaka 60 na kuishi hadi 95. Hesabu hiyo huirudia kwa kudhani kwamba soko litaanguka mapema, kwa sababu hasara inayotokea miaka ya kwanza ya kustaafu, wakati mteja anatoa fedha za matumizi, huumiza kuliko hasara ileile ikitokea baadaye: hisa zilizouzwa kwa bei ya chini hazipo tena soko linapopanda.

Wengine huamini kwamba kazi yenyewe ni kubashiri hisa itakayopanda. Tangu mchumi Mmarekani Harry Markowitz alipochapisha makala yake kuhusu uteuzi wa mseto wa uwekezaji mwaka 1952, swali la msingi limekuwa jinsi mali mbalimbali zinavyopanda na kushuka zikiwa pamoja. Kwa msaidizi, maana yake ni kufuatilia uwiano wa hisa na hatifungani (mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali au kampuni) uliokubaliwa na mteja, na kuurekebisha unapopotoka, hata kama kufanya hivyo ni kuuza kinachosifiwa na kila mtu.

Dhana kwamba kila mshauri ni mchuuzi anayeishi kwa kamisheni haikuzuka hivi hivi, kwani kwa miaka mingi ilikuwa kweli, na katika nchi kadhaa bado ni kweli. Uingereza ilipiga marufuku kamisheni katika ushauri mpya wa uwekezaji mwishoni mwa mwaka 2012. Msaidizi kwa kawaida hulipwa mshahara, pengine na bonasi, ilhali kampuni hutoza asilimia fulani ya mali ya mteja. Ada hiyo nayo si ndogo kama inavyosikika: fedha 100 zinazokua kwa asilimia 7 kwa mwaka hufikia takriban 761 baada ya miaka 30, lakini zikikua kwa asilimia 6, yaani baada ya kutoa ada ya asilimia 1, huishia takriban 574. Msaidizi asiyeweza kumweleza mteja anachopata kwa tofauti hiyo hajaielewa kazi yake.

Kuhusu elimu, shahada ya fedha husaidia lakini si mlango pekee. Cheti cha mpangaji fedha aliyeidhinishwa (CFP, yaani Certified Financial Planner) nchini Marekani, kwa mfano, hudai shahada ya fani yoyote, masomo maalumu ya upangaji fedha, mtihani, na saa 6,000 za uzoefu, au 4,000 kwa njia ya uanagenzi.

Wala muda pekee haumpandishi msaidizi kuwa mshauri mkuu. Wateja hawahamishwi kama mafaili. Huanza kumpigia simu yeye moja kwa moja baada ya kuona kwamba aliyoahidi kikaoni yametekelezwa, na mara nyingi wa kwanza kufanya hivyo ni watoto wa mteja, ambao siku moja watarithi mali hiyo.