Je, wajua kwa nini timu iliyoshinda michezo yote 13 ilinyimwa nafasi ya kuwania ubingwa?

Hadi kufikia Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida State, kilichopo mjini Tallahassee, ilikuwa imecheza michezo 13, ikashinda yote, na kutwaa ubingwa wa ligi yake ya ACC. Siku hiyo zilitangazwa timu nne ambazo zingewania ubingwa wa vyuo vya Marekani, na Florida State haikuwamo. Texas na Alabama, ambazo kila moja ilikuwa imepoteza mchezo mmoja, ziliingia. Tangu utaratibu wa timu nne uanze katika msimu wa 2014, haikuwahi kutokea bingwa wa ligi kubwa aliyeshinda michezo yake yote akaachwa nje.

Msomaji aliyezoea soka, ambako alama tatu zikishaandikwa kwenye jedwali zimeandikwa, atauliza jambo hilo liliwezekanaje. Jibu linaanzia kwenye hesabu. Daraja la juu la futiboli ya vyuo lilikuwa na timu 133 mwaka huo, na kila timu hucheza michezo 12 tu ya kawaida, kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa kugongana miili kwa nguvu na hauwezi kuchezwa zaidi ya mara moja kwa wiki. Timu nyingi hucheza zaidi ndani ya ligi zao, kwa hiyo hakuna jedwali moja linaloweza kuzipanga zote kama Simba na Yanga zinavyopangwa baada ya kila timu kukutana na mwenzake nyumbani na ugenini. Pengo hilo huzibwa na kamati ya watu 13, inayokutana katika hoteli moja huko Grapevine, Texas, na kupiga kura. Kazi waliyopewa ni kuteua timu zilizo bora zaidi, nayo ni tofauti na kuteua timu zilizoshinda zaidi. Miongozo yao inataja ugumu wa wapinzani, ubingwa wa ligi na matokeo ya timu zilizokutana uso kwa uso, lakini pia inawaruhusu kuzingatia kukosekana kwa mchezaji au kocha muhimu ikiwa kunaweza kuathiri michezo inayofuata. Kipengele hicho kimoja ndicho kilichoimaliza Florida State.

Tarehe 18 Novemba timu hiyo ilikuwa nyumbani ikicheza na North Alabama, mpinzani dhaifu ambaye hakuna aliyemhofia. Katika robo ya kwanza Jordan Travis, kwotabeki wa timu, yaani yule anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe, alichomoka na mpira, akakamatwa kwa nyuma na kuangushwa, na mguu wake wa kushoto ukapinda chini ya uzito wa mlinzi. Alitolewa uwanjani kwa kigari na msimu wake ukaishia hapo. Wenzake walishinda 58 kwa 13, lakini ushindi huo haukumfurahisha mtu.

Wiki iliyofuata, wakiwa na kwotabeki wa pili, waliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Florida, chuo kingine cha jimbo hilo, 24 kwa 15 ugenini huko Gainesville. Kwotabeki huyo naye aliumia kichwa, hivyo fainali ya ligi dhidi ya Louisville, iliyochezwa Charlotte tarehe 2 Desemba, ilianzwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn, ambaye kati ya mipira 21 aliyorusha ni 8 tu iliyowafikia wenzake. Safu ya ulinzi ikabeba mzigo wote, ikaruhusu alama 6 tu, na timu ikashinda 16 kwa 6. Kwangu mimi, mchezo ule ulikuwa ushahidi mkubwa wa ubora wao kuliko ushindi wowote wa alama nyingi. Kamati iliuona kama ushahidi wa udhaifu.

Ni haki kusema kwamba kamati ilikuwa na mtihani mgumu. Siku hiyohiyo Alabama iliifunga Georgia 27 kwa 24, na Georgia ilikuwa haijapoteza katika michezo 29 mfululizo. Lakini Alabama isingeweza kupandishwa juu ya Texas, iliyoifunga 34 kwa 24 mwezi Septemba katika uwanja wa Alabama yenyewe. Kwa kuwa Michigan na Washington hazikuwa zimepoteza mchezo, nafasi zikaisha. Travis aliandika hadharani kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate muda wa kuona kwamba timu ile ilikuwa zaidi ya kwotabeki wake.

Wapo wanaosema kamati ilithibitishwa kuwa sahihi tarehe 30 Desemba, pale Georgia ilipoichapa Florida State 63 kwa 3 katika Orange Bowl, mchezo wa mwisho wa msimu usiohusu ubingwa mwaka huo. Siikubali hoja hiyo. Wachezaji zaidi ya ishirini wa Florida State hawakucheza: wengine walikuwa majeruhi, wengine walijiondoa kulinda miili yao kabla ya kuingia NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, na wengine walikuwa wameanza kuhamia vyuo vingine. Iliyofungwa siku ile siyo timu iliyoshinda Charlotte.

Ule ulikuwa msimu wa mwisho wa timu nne. Upanuzi hadi timu 12 ulikuwa umepitishwa tangu 2022 na ukaanza kutumika 2024, huku mabingwa watano wa ligi walio juu zaidi katika orodha ya kamati wakihakikishiwa nafasi. Florida State, iliyopangwa ya tano mwaka 2023, ingeingia bila mjadala. Msimu huo wa kwanza wa utaratibu mpya ulipofika, ilishinda michezo 2 tu kati ya 12.