Ulijikwaa Hukuanguka, Mbona Kiuno Kinauma Leo?

Wiki iliyopita mama mmoja kaja kliniki kwetu ya fiziotherapia kashika kiuno, anatembea kaegemea upande. Shikamoo mama, umeanguka? Marahaba mwanangu, sijaanguka. Umenyanyua kitu kizito? Hapana, nimeamka tu hivi. Ikabidi turudi nyuma siku moja moja, jana ulifanya nini, juzi ulifanya nini, ndo ikatoka kwamba juzi alikuwa anashuka ngazi na beseni la nguo, akakanyaga dera lake, akaenda mbele hatua tatu nne za haraka haraka, akadaka ukuta kwa mkono wa kulia, beseni halikumwaga hata nguo moja. Majirani wakampa pole, akasema nishapoa, akaenda kuanika. Kwake yeye mambo yaliishia pale.

Kumbe mwili ulikuwa umefanya kazi kubwa sana. Ukinyanyua gunia unajipanga kwanza, unakaza tumbo, unavuta pumzi, lakini ukijikwaa mguu unanaswa huku kiwiliwili kinaendelea kwenda mbele, na ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili misuli ya mgongo, nyonga, mapaja na shingo inakaza yote kwa nguvu kukurudisha, tena inakaza huku inavutwa irefuke, na huo mkazo wa kuvutwa ndo unaoumiza nyuzi za misuli kuliko mkazo wa kawaida. Maumivu yake hayaji pale pale. Mara nyingi yanaanza kesho yake na kufika kilele siku ya pili au ya tatu, wakati wewe ushasahau kama ulijikwaa, basi unalaumu godoro au baridi, au unasema mgongo umeshtuka wenyewe.

Na sio kiuno tu. Dereva wa daladala akikamata breki ghafla na wewe unaning'inia kwenye bomba, bega linaweza kuuma wiki nzima. Aliyeteleza mguu mmoja ukaenda mbele anakuja analalamika kinena au nyuma ya paja. Goti linaumia pale mwili unapogeuka na unyayo umebaki chini.

Maumivu mengi ya aina hii yanapungua ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo usijilaze kitandani, endelea kutembea taratibu na kufanya kazi nyepesi. Kifundo cha mguu kikivimba weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hivi, unyanyue mguu juu, na tafadhali siku mbili za mwanzo usikikande kwa maji ya moto wala kukivuta, manake uvimbe unazidi. Diklofenaki, zile dawa za maumivu, za kununua dukani na kumeza kila siku ziacheni jamani, hasa mwenye presha, vidonda vya tumbo au shida ya figo. Lakini kama huwezi kukanyaga hata hatua nne, au mguu unapoteza nguvu, au ganzi imeingia sehemu za siri, au mkojo unakutoka bila kujua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu aliyevuka miaka 60 akishtuka tu halafu mgongo ukauma sana katikati, apimwe, mfupa uliopungua uzito unaweza kubonyea bila hata kuanguka.

Sasa kuna hili linaloniumiza zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu, na wazee ndo wanaoongoza. Sisi kliniki tunawauliza wazee umeanguka? Wanajibu hapana, tunaandika hapana, tunaendelea. Lakini mzee huyo huyo ameshapepesuka mara tano mwezi huu akashika mlango, na tangu hapo anaogopa kwenda msikitini au sokoni, anakaa tu, miguu inazidi kuisha nguvu, hatua zinakuwa fupi, anajikwaa zaidi. Kwa hiyo nyie mlio nao nyumbani ulizeni vingine: baba, umejishikilia wapi wiki hii?

Wapo wanaosema kujikwaa mguu wa kushoto ni mkosi, wanaahirisha safari. Mimi nauliza, huo mguu umejikwaa mara ngapi? Kama ni mguu ule ule kila siku kuna sababu, inaweza kuwa sukari imeharibu mishipa ya fahamu, au neva imebanwa mgongoni, au kiharusi kidogo kilichopita bila mtu kujua, ncha ya mguu hainyanyuki vizuri. Wakati mwingine ni mtoto wa jicho au dawa za presha zinazoleta kizunguzungu mtu akisimama, na hizo asiache mwenyewe, amwambie daktari aliyemwandikia.

Geuza ndala za mzee wako utazame chini. Moja ikiwa imelika kwa mbele kuliko mwenzake, mguu huo unaburuzwa. Ndo maana nawaomba mkimleta mzee kliniki aje na ndala anazoshinda nazo nyumbani, msimvalishe viatu vya kutokea.